TOMÁŠ BAŤA: MWANA WA FUNDI ALIYEIVIKA DUNIA VIATU

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kilitutaka tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kuaga dunia. Wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa na majemadari. Mimi nimemchagua fundi wa viatu. Najua wapo watakaocheka. Haya, chekeni, lakini mkimaliza kucheka inameni kidogo mtazame miguu yenu. Katika kila dawati la shule hii hakosekani mtu aliyevaa jina la fundi huyo, na pengine hajui hata kama lilikuwa jina la mtu.

Watu wengi hapa kwetu hudhani kuwa Bata ni yule ndege wa kuogelea, na kwamba kampuni ya viatu ilichagua jina lake kwa sababu bata hukanyaga matope bila kujali. Ni maelezo matamu kweli, ila si ya kweli. Baťa ni jina la ukoo, kama vile sisi tulivyo na majina ya koo zetu. Ni ukoo wa huko Moravia, nchi iliyo katikati ya Ulaya, ambayo siku hizi ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Kwa lugha yao ile t ina alama ndogo kando yake, na jina hutamkwa karibu na Batya. Alama ilipotelea njiani wakati viatu vilipoanza kuzunguka ulimwengu, nasi tukabaki na bata wetu.

Tomáš Baťa alizaliwa tarehe 3 Aprili mwaka 1876 katika mji mdogo wa Zlín. Wakati huo Moravia ilikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Zlín haukuwa mji wa kujivunia. Watu wake walikuwa mafundi wadogo wadogo na wakulima, na mji wenyewe ulikuwa mbali na miji mikubwa. Ukoo wa Baťa ulikuwa ukishona viatu tangu karne ya 17, baba akimrithisha mwana, naye mwana akimrithisha mjukuu. Wahenga walisema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Tomáš alivukuta mapema. Alikulia chini ya meza ya babake, Antonín, katikati ya vipande vya ngozi, misumari na harufu ya gundi, na alipokua kidogo akawa anasaidia kuuza viatu sokoni.

Mamake, Anna, alifariki Tomáš akiwa bado mtoto wa miaka kumi hivi. Nyote mnajua kuwa mtoto aliyefiwa na mama hukomaa haraka. Kijana huyu alikuwa na kiburi cha kutaka kujitegemea, na alipofika umri wa miaka kama 15 alitoroka kwenda Vienna, mji mkuu wa himaya, ili aanze biashara yake mwenyewe. Alishona viatu lakini havikupata wanunuzi. Haukupita muda mrefu akarejea nyumbani mikono mitupu. Nadhani wengi wangekata tamaa hapo. Yeye alikuwa amejifunza jambo moja, kwamba kujua kushona kiatu na kujua kukiuza ni kazi mbili tofauti.

Mwaka 1894, akiwa na miaka 18 tu, Tomáš pamoja na kakake Antonín na dadake Anna walifungua biashara yao pale Zlín. Mtaji wao ulikuwa pesa za urithi wa mama yao, gulden 800. Waliajiri wafanyakazi kumi. Hebu fikirieni, huo ni umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne anayengoja matokeo ya mtihani. Huyu alikuwa tayari na watu wa kulipa kila wiki.

Wema haukukawia kuingia dosari. Ilipofika mwaka 1895 biashara ilikuwa imelemewa na madeni. Walikuwa wamenunua ngozi kwa mkopo, na siku za kulipa zilipofika sanduku lilikuwa tupu. Kakake aliitwa jeshini na mzigo wote ukabaki mabegani mwa Tomáš. Dawa ya deni ni kulipa, lakini utalipa kwa nini ikiwa huna? Ngozi ni ghali, na hakuna aliyetaka kumkopesha tena. Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi. Ikiwa ngozi haipatikani, basi kiatu kitashonwa kwa turubai! Alitengeneza kiatu chepesi cha kitambaa chenye ngozi kidogo tu. Kilikuwa rahisi, kilivalika, na bei yake ilimfaa mtu wa mfuko mwepesi. Kiatu hicho kilipendwa ajabu. Deni likalipwa, na karakana ikakua hadi ikawa na wafanyakazi 50. Miaka minne baadaye walinunua mashine za kwanza za kuendeshwa kwa mvuke. Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa nataka mnifuate mbali kidogo, hadi Marekani. Tomáš alikuwa amesikia kuwa huko kuna mji unaoitwa Lynn, karibu na Boston, ambao watu wake wanatengeneza viatu kama mvua. Mwaka 1904 alifunga safari ya meli pamoja na wafanyakazi wake watatu. Hakwenda kule kama tajiri wa kutembezwa. Alivaa nguo za kazi, akaajiriwa kama kibarua wa kawaida, akasimama mbele ya mashine kama wengine huku macho yake yakiiba kila kitu. Aliona jinsi kazi ilivyogawanywa. Mmoja anakata, wa pili anashona, wa tatu anapiga soli, na hakuna anayepoteza muda kumtafuta mwenzake.

Na hapa pana jambo ambalo lilinifurahisha mno nilipolisoma. Viwanda vya Lynn vilipata kasi yao kwa sababu ya mtu mweusi. Jina lake ni Jan Matzeliger, mzaliwa wa Surinam, nchi ya Amerika ya Kusini. Alizaliwa mwaka 1852. Kabla yake, kazi ya kuuvuta upande wa juu wa kiatu na kuukaza kwenye umbo la mguu la mti ilifanywa kwa mkono tu, na fundi hodari alimaliza jozi 50 hivi kwa siku. Watu walisema hakuna mashine itakayoweza kazi hiyo. Matzeliger alikesha miaka kadhaa akijaribu, mara nyingi akilala njaa, na mwaka 1883 akapewa hataza ya mashine yake. Mashine hiyo iliweza jozi mia kadhaa kwa siku. Alifariki mwaka 1889 akiwa na miaka 36 tu, kabla ya kula matunda ya jasho lake. Kwa hivyo mnapotaja ukoo wa Baťa, msimsahau pia huyu ndugu wa asili ya Afrika ambaye jina lake halikuandikwa chini ya soli yoyote.

Tomáš alirudi Zlín mwaka 1905 akiwa mtu mpya. Aliongeza mashine na kuupanga upya mtindo wa kazi. Lakini si kila mtu alifurahi. Mwaka 1906 kulitokea mgomo kiwandani mwake. Tomáš hakupatana na wagomaji, na tangu hapo hakutaka kusikia habari za vyama vya wafanyakazi ndani ya kuta zake. Mwaka 1908 kakake Antonín alifariki, akabaki yeye peke yake kwenye usukani. Mwaka 1912 alimwoa Marie Menčíková, na mwaka 1914 wakabarikiwa mtoto mmoja tu, mvulana, wakampa jina la baba.

Mwaka huo huo wa 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vililipuka. Wanaume wa Zlín walianza kuitwa vitani mmoja baada ya mwingine. Tomáš alikimbia hadi Vienna akarudi na oda ya jeshi ya jozi 50,000 za buti. Kwa oda hiyo mafundi wake wengi walibaki kazini badala ya kupelekwa kwenye mahandaki. Vita vikaendelea na kiwanda kikazidi kuvimba, hata idadi ya wafanyakazi ikawa mara kumi ya ilivyokuwa. Lakini neema ya vita ni kama umande, jua likichomoza hakuna. Mwaka 1918 himaya ilivunjika, nchi mpya ya Chekoslovakia ikazaliwa, na kukaja dhiki kubwa. Watu hawakuwa na pesa. Viatu vilijaa maghalani hadi darini, na viwanda vingine vikafunga milango.

Sasa sikilizeni alichofanya huyu bwana. Mwezi wa Septemba mwaka 1922 aliikata bei ya viatu vyake kwa nusu. Nusu nzima, jamani! Wafanyabiashara wenzake walimwona mwendawazimu. Alibandika mabango yenye picha ya ngumi kubwa ikiliponda neno la ughali wa maisha. Watu wakafurika madukani, maghala yakawa matupu, na kiwanda kikarudi kufanya kazi usiku na mchana. Lakini mkono mtupu haulambwi, na punguzo hilo ilibidi mtu alilipie. Wafanyakazi walikubali mishahara yao ipunguzwe kwa asilimia 40. Yeye naye akawauzia chakula, nguo na mahitaji mengine kwa nusu ya bei, ili mshahara mdogo uweze kuwatosha. Watu waliikubali dawa hiyo chungu kwa sababu waliona ni heri kupata kidogo kuliko kufungiwa lango.

Mwaka 1923 watu wa Zlín walimchagua awe meya wao, cheo alichokishika hadi kifo chake. Mji ukabadilika kama mtu aliyevishwa nguo mpya. Zilijengwa nyumba za matofali mekundu, kila moja na bustani yake, zikapangishwa kwa wafanyakazi kwa bei nafuu. Zilijengwa shule. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1927. Kuanzia mwaka 1924 wafanyakazi wengi walianza kugawiwa sehemu ya faida. Kila karakana ilihesabu mapato na matumizi yake kila wiki kama duka linalojitegemea, na ikipata faida, watu wake wanapata fungu. Kwa njia hiyo fundi akawa halali kazini, kwa sababu kipande cha ngozi kilichotupwa ovyo ni pesa yake mwenyewe inayotupwa.

Jambo lililonigusa zaidi ni shule yake ya kazi, iliyoanzishwa mwaka 1925. Vijana wa umri wa miaka 14 hivi walichukuliwa kutoka vijijini, wengi wao watoto wa maskini. Mchana walifanya kazi kiwandani, jioni wakaingia darasani. Waliishi kwenye mabweni, wakalipwa mshahara wa kila wiki, na kwa mshahara huo wakajilipia chakula na malazi. Tena ilibidi waandike kila senti waliyoitumia. Sisi huku tukipewa pesa za mandazi, tunaweza kweli kueleza zilikokwenda?

Kuna kitu kingine alichotuachia ambacho mtakijua mara moja. Ukiingia duka la Bata leo, bei nyingi huishia na tisa, kama shilingi 999 au 1,499. Mama zetu hucheka na kuziita bei za Bata. Kumbe mtindo huo ni wa zamani. Tomáš aliutumia huko Zlín kabla babu zangu hawajazaliwa, na Wacheki nao mpaka leo huzitaja bei za namna hiyo kwa jina lake. Alijua kuwa jicho la mnunuzi husoma tarakimu ya kwanza na kuipuuza ya mwisho.

Nisingependa mfikiri kuwa ninamsifu mtu huyu kama malaika. Kuna upande mwingine. Kazi katika kiwanda chake ilikuwa ya mkimbio. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, viatu vilipita mbele ya wafanyakazi juu ya mikanda inayotembea, na mkanda haungoji mtu apanguse jasho. Isitoshe, viatu vyake vya bei rahisi viliwanyima riziki mafundi wadogo wadogo, wale waliokuwa kama babake alivyokuwa. Katika nchi nyingi za Ulaya mafundi walilalamika, na serikali zikapandisha ushuru ili kuvizuia viatu vya Baťa visiingie. Yeye akajibu kwa kujenga viwanda ndani ya nchi hizo hizo. Hapo ndipo ninapojiuliza, je, mtu anayewavika wengi viatu na kuwanyang'anya wachache kazi, tumwite mfadhili au mnyang'anyi?

Swali hilo linanihusu mimi binafsi. Mjomba wangu ni fundi wa viatu pale sokoni Khayega. Ana sindano yake, uzi wa nailoni, gundi na kigoda, basi. Nilimweleza maisha haya yote nikitarajia atamlaani Baťa, kwa maana zamani mjomba alikuwa akitengeneza akala na siku hizi hapati wa kuzinunua kama kwanza. Mjomba hakulaani. Alinionyesha rundo la viatu lililokuwa mbele yake na kuniambia niyahesabu majina yaliyomo. Nilikuta viatu vingi vya Bata, vimekuja kubadilishwa soli. Akasema kuwa kiwanda humpa mtu kiatu cha kwanza, naye humpa mtu huyo miaka mingine miwili. Kwa hivyo jibu langu ni kwamba kiwanda kinamuumiza fundi, na pia kinamlisha, kutegemea kama fundi yuko tayari kubadilika. Lakini sitasahau kuwa wapo wasioweza kubadilika, na hao hawaandikwi popote.

Tomáš alikuwa mtu wa kupenda kuona mambo kwa macho yake. Aliamini ndege wakati matajiri wengi bado waliziogopa. Mwishoni mwa mwaka 1931 alipanda ndege akaenda hadi Bara Hindi na nchi za mashariki ya mbali, akitazama ni wapi watu wanatembea peku. Kuna hekaya inayosimuliwa juu ya watu wawili waliotumwa Afrika na makampuni ya viatu. Wa kwanza alipeleka habari kuwa arudishwe nyumbani, kwa sababu huku hakuna mtu anayevaa viatu. Wa pili akataka aletewe shehena nzima upesi, kwa sababu hiyo hiyo. Hekaya ni hekaya, lakini inaonyesha macho aliyokuwa nayo Tomáš Baťa. Mahali ambapo wengine waliona umaskini, yeye aliona mguu unaongoja kiatu.

Ajali haina kinga. Tarehe 12 Julai mwaka 1932, asubuhi na mapema, alifika kwenye uwanja wa ndege wa Otrokovice karibu na Zlín. Alikuwa na safari ya kwenda Uswisi, kwenye tawi la kampuni lililokuwa Möhlin. Ukungu ulikuwa mzito, lakini Tomáš hakuwa mtu wa kungoja. Ndege aina ya Junkers iliruka, na muda mfupi baadaye ikaanguka. Yeye na rubani wake walikufa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 56. Kampuni yake wakati huo ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 16,000 na maduka zaidi ya 1,600. Alizikwa katika makaburi ya msituni pale Zlín, na mwaka uliofuata watu wake wakamjengea ukumbusho wa vioo unaopitisha mwanga kila upande.

Usukani ulishikwa na nduguye wa kambo, Jan Antonín Baťa. Huyu alikuwa na vituko vyake. Katika jengo refu la kampuni lililomalizika mwaka 1938, ofisi yake iliwekwa ndani ya lifti, kiasi kwamba angeweza kupanda na kushuka kutoka ghorofa moja hadi nyingine bila kuinuka kwenye meza! Lakini shida ilikuwa mlangoni. Mwaka 1939 Wajerumani waliivamia nchi yao. Jan Antonín alikimbilia Marekani, halafu Brazili, alikofia mwaka 1965. Mtoto wa Tomáš, yule wa pekee, alikwenda Kanada pamoja na baadhi ya wafanyakazi akaanzisha kiwanda na mji, wakauita Batawa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, serikali ya Chekoslovakia ilikitwaa kiwanda cha Zlín kikawa mali ya taifa. Wakomunisti waliposhika hatamu walitaka hata jina lisahaulike. Kiwanda kilipewa jina jingine, na mwaka 1949 mji wenyewe ukaitwa Gottwaldov, kwa heshima ya kiongozi wao. Watoto walizaliwa na kuzeeka katika mji ambao mjenzi wake mkuu hatajwi kwa wema. Lakini wakati huo huo, maelfu ya maili kutoka hapo, watoto wa Kenya na Bara Hindi walikuwa wakilitamka jina la Baťa kila muhula shule zikifunguliwa. Serikali iliweza kuzitwaa kuta, mashine na akiba ya benki. Jina lilikuwa limeshatoroka kwa miguu! Mwaka 1989 utawala ule ulianguka, na mwezi wa Desemba mwaka huo mtoto wa Tomáš akarudi Zlín akiwa mzee, umati wa watu ukampokea barabarani. Mwaka 1990 mji ukarudishiwa jina lake la Zlín, na tangu mwaka 2001 kuna chuo kikuu pale kinachoitwa kwa jina la Tomáš Baťa. Mwanawe alifariki mwaka 2008.

Na huku kwetu je? Kampuni ya Bata iliingia Kenya enzi za ukoloni, na kiwanda chake kikubwa kiko Limuru tangu siku za Vita vya Pili vya Dunia. Kutoka Limuru zilitoka raba za Ngoma ambazo wazee wetu walichezea mpira, sandak za plastiki za kupigia maji ya mvua, patipati za kuogea, na Toughees ambazo kila mwanafunzi anazijua. Tusisahau wazee hao wengi walisoma shule ya msingi peku. Mtoto wa peku hushambuliwa na funza, na minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo zake ikamnyonya damu hadi akawa hana nguvu ya kushika kalamu. Hapa Kakamega funza bado wapo, tusijidanganye. Kiatu cha bei nafuu kimewaokoa watoto wengi kuliko tunavyofikiri. Na bado kuna mzazi ambaye hata bei ya 999 inamshinda. Sisi wa shule ya kutwa twaonana njiani kila asubuhi, wengine wakitoka Khayega, wengine Iguhu, na twajua ni nani anayevivua viatu mvua ikinyesha na kuvibeba mkononi ili visiharibike.

Ndugu zangu, tunaishi Sigalagala, mahali ambapo pana chuo cha ufundi kinachojulikana nchi nzima. Hata hivyo, mtu akiulizwa darasani atakuwa nani, ni udaktari na uanasheria tu. Akitajwa fundi wa viatu, darasa zima linaangua kicheko. Nyumbani kwetu pia tumegawanyika. Mjomba amesema yuko tayari kunifundisha kazi wakati wa likizo ya Desemba. Mama anaona nitapoteza masomo na kujizoesha uchumi wa kigodani. Sijamdharau mama, kwa sababu yeye ndiye anayelipa karo na anajua uzito wake. Nimemwomba aniruhusu nifanye yote mawili kama wale vijana wa Zlín, mchana kazi na jioni vitabu, na niwe naandika kila shilingi. Bado hajanijibu. Amesema ataangalia kwanza matokeo yangu ya muhula wa tatu, hasa Hisabati.

Langu ni kuwaomba wenzangu kitu kimoja. Jina la mtu halipandishwi na cheo peke yake. Ukoo wa Baťa haukuwa na ufalme wala jeshi. Ulikuwa na sindano na ngozi, ukakaa nazo zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kutokea mtoto mmoja aliyekataa kuiona kazi ya babake kuwa ndogo. Basi tukipita sokoni, tusimpite fundi wa viatu kana kwamba ni jiwe. Tumsalimu kwa heshima yake. Huwezi kujua ni jina gani litakalokuwa chini ya soli za dunia miaka mia moja ijayo, na mimi ningefurahi sana likiwa limetoka Khayega.

Natia nanga hapa. Wanachama wenzangu, tuonane kwenye kikao chetu cha Alhamisi, na mwenye swali aje nalo. Kiswahili kitukuzwe!